Pampu ya sola inakata maji saa saba mchana jua likiwaka: niongeze paneli?

Kamene_SouthB

Wadau, hamjambo. Naomba macho yenu hapa kabla sijatoa pesa.

Kisima kiko Kajiado, ukishapita Isinya. Kina mita 160, kesi (paipu ya ukuta wa kisima) ya inchi 6. Karatasi ya majaribio inaonyesha maji yalitulia mita 78 kutoka juu. Yakapigwa saa 24 mfululizo kwa lita 4,000 kwa saa, yakashuka hadi mita 104. Pampu ni ya inchi 4, mota ya kilowati 2.2, fezi tatu, volti 220, na imening'inizwa mita 130. Kibandiko kinasema lita 2,500 kwa saa ikipandisha mita 120, na mwisho wa nguvu zake ni mita 165. Kutoka mdomo wa kisima hadi juu ya tangi ni mita 15 za kupanda: mnara 8, mwinuko wa shamba 7. Paneli ni 8 za wati 550, zote kwenye mstari mmoja. Inveta, ile inayogeuza umeme wa paneli uendeshe mota, imefungiwa kwenye sanduku la chuma, ukuta wa kibanda unaotazama magharibi.

Sasa shida. Asubuhi maji yanakuja vizuri. Saa sita na nusu yanaanza kupungua, saa saba na nusu hakuna hata tone, ingawa mlinzi anasema ukishika paipu unasikia pampu inaunguruma. Saa kumi maji yanarudi. Yaani jua likiwa kali ndipo yanakatika! Fundi aliyefunga anasema joto limekula nguvu za paneli, kwa hiyo ninunue mbili zaidi aziunge kwenye mstari huohuo ziwe 10. Ni kweli?

Umemejua_Fundi

Dada Kamene, usinunue kitu, na huyo fundi asiguse mstari huo.

Soma kibandiko cha inveta mahali palipoandikwa volti za juu kabisa za DC, yaani umeme unaotoka kwenye paneli. Inveta nyingi za pampu za volti 220 mwisho wake ni 450. Paneli ya wati 550 ikiwa wazi, yaani haijabeba mzigo, hutoa volti 49 hadi 50. Chukua 49.7, na kwenye mstari mmoja volti hujumlishana. Nane ni volti 398, uko salama. Kumi ni 497. Hapo inveta inakufa asubuhi ya kwanza jua likichomoza, wala hutasikia onyo. Na asubuhi za Julai huko ni baridi. Paneli ikiwa na nyuzi 10 badala ya 25 za maabara, volti zake hupanda kwa asilimia 4 hivi, kwa hiyo 497 zinakuwa karibu 518. Hata paneli 9 hazifai, zinafika 466.

Halafu mwambie mlinzi asome kioo cha inveta mara mbili, saa nne asubuhi na saa saba na nusu mchana, akutumie picha. Tunataka namba nne: volti za DC, hezi (ndizo mwendo wa mota, kamili ni 50), ampea za mota, na joto la inveta kama linaonyeshwa. Hizo zitasema ugonjwa uko wapi:

- Hezi zimeshuka na volti za DC zimeshuka pamoja nazo: paneli hazitoshi. Kuna vumbi, kivuli, kiungio kilicholegea au paneli moja imekufa.
- Hezi zimeshuka lakini volti za DC ziko juu: paneli zina nguvu za kutosha, inveta yenyewe ndiyo inakataa kuzichukua.
- Hezi ni 50 kamili lakini ampea zimeporomoka: pampu imekosa maji, inameza hewa.

Kamene_SouthB

Asante sana. Kibandiko ni kama ulivyosema, 450. Namba hizi hapa.

Saa nne asubuhi: volti 335, hezi 50, ampea 8.4, joto la inveta 61.
Saa saba na nusu: volti 344, hezi 36, ampea 5.1, joto la inveta 84.

Umemejua_Fundi

Basi jibu limejianika. Ni lile la pili.

Volti 344 mchana wa joto maana yake paneli karibu hazifanyi kazi yoyote. Hesabu hivi: volti za paneli isiyo na mzigo hushuka karibu asilimia 0.28 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Paneli yako saa saba ina nyuzi kama 65, tofauti ni 40, kwa hiyo 398 hushuka hadi 353 hivi. Wewe unasoma 344. Umebakisha volti 9 tu kufika pale ambapo paneli haijabeba chochote. Paneli zinazohangaika husoma chini, karibu 290. Zako zimekaa tu zikiota jua.

Kinachobana ni joto la 84. Inveta ikipata joto la kiasi hicho kwenye mapezi ya kupozea hupunguza hezi ili isiungue. Haizimi, inapunguza, na ndiyo maana huoni taa nyekundu wala msimbo wa hitilafu. Sanduku la chuma, ukuta wa magharibi, jua la mchana linaligonga usoni: humo ndani ni jiko. Halafu kuna jambo linalosahaulika: uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Hewa ni nyepesi na hupoza kidogo kuliko Mombasa. Watengenezaji wengi husema punguza uwezo wa inveta kwa asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000. Umeshapoteza 6 au 7 kabla jua halijachomoza.

Na kwa nini pampu inaunguruma bila maji? Nguvu ya pampu ya kupandisha hufuata mraba wa mwendo wake. Hezi 36 ni 0.72 ya 50. 0.72 mara 0.72 ni 0.52 hivi. Zidisha kwa mita 165 unapata kama mita 86. Maji yako yako mita 78 chini, na tangi liko 15 juu: mita 93. Pampu inasukuma maji hadi mita 86 yanasimama hapo ndani ya paipu, hayapandi wala hayashuki. Inazunguka bure.

Pampu_Na_Paipu

Niongeze hapo. Kuzunguka bure si hasara ya maji tu. Mota ya chini ya kisima hupozwa na maji yanayoipita. Maji yasipotembea, yale yaliyoizunguka yanachemka polepole. Saa mbili tatu kila siku namna hiyo, na mota ya miaka minane inakuwa ya miaka miwili.

Kwa hiyo hata kabla ya kuhamisha inveta, ingia kwenye mipangilio uweke kiwango cha chini cha hezi. Kwa kisima hiki maji huanza kutoka karibu na hezi 37.5 (gawa 93 kwa 165, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 50). Weka 40. Ikishindwa kukaa 40 kwa dakika kadhaa, izime, ipumzike dakika 15 au 20, ijaribu tena. Inveta nyingi zina mpangilio huo kwa jina la ulinzi wa jua hafifu au kulala.

Ukiwa humo humo, angalia mambo mawili mengine. La kwanza, muda wa kuongeza mwendo. Beringi za mota hizi hulainishwa na maji na zinahitaji mwendo ndipo utando wa maji ujengeke, kwa hiyo kutoka sifuri hadi hezi 30 isizidi sekunde moja. Mafundi huweka sekunde 20 au 30 wakidhani wanaihurumia pampu. Wanaisaga. Juu ya 30 inaweza kupanda polepole ipendavyo.

La pili, kasi ya inveta kukatakata umeme, ile inayoandikwa kwa kHz. Nyingine hutoka kiwandani zikiwa 8 au zaidi. Ishushe hadi 3 au 4. Inveta itapoa kwa nyuzi kadhaa bila gharama yoyote, na mota pia itashukuru, kwa sababu waya wako ni mrefu, mita 130 na ushei, na umeme uliokatwakatwa kwenye waya mrefu hurudisha mshtuko wa volti kubwa kwenye koili za mota. Utasikia mlio mkali kidogo zaidi, lakini kisima hakina jirani.

Dot_Kom_Kitengela

Swali la pembeni, samahanini. Kwa hiyo joto la paneli si tatizo? Kila duka la mtaa wa Luthuli, Nairobi, wanakwambia joto linaua sola.

Umemejua_Fundi

Ni tatizo, ila si la kukata maji. Paneli ya wati 550 yenye nyuzi 65 hupoteza karibu asilimia 14, inabaki na wati 473 hivi. Nane ni kilowati 3.8. Pampu ya dada hapa inakula kilowati 2.3 ikiwa hezi 50. Bado kuna akiba. Mfumo unaoumizwa na joto ni ule wa paneli chache: mtu ana mota ya volti 220 na paneli sita tu. Mota ya 220 inataka volti 311 za DC ili izunguke kamili, kwa kuwa 220 huzidishwa kwa 1.414. Paneli sita zikibeba mzigo kamili na joto hilo hushuka hadi volti 215. Inveta ya namna hiyo aidha inashusha hezi au inashikilia hezi na mota inaanza kunywa ampea nyingi kuliko kipimo. Ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu maji yanatoka na mwenyewe anafurahi huku koili zinaiva.

Kwa hiyo ukinunua, hesabu paneli kwa volti kwanza, wati baadaye. Chini usikose volti za mota wakati wa joto, juu usivuke mwisho wa inveta wakati wa baridi. Kwa paneli hizi kubwa na mota ya 220, namba inayopita katikati ni 8. Kwa kweli ni nafasi nyembamba kushinda watu wanavyodhani.

Kamene_SouthB

Nimeelewa, na nimeshangaa. Sasa hiyo inveta niihamishie wapi? Kibanda ni kidogo, cha mabati, ndani ni moto kuliko nje.

Umemejua_Fundi

Kwanza jaribu bila kulipa mtu. Mlinzi afungue mlango wa sanduku auache wazi kesho mchana kutwa, na aegemeze bati mbele yake kwa umbali wa nusu mita hivi, liwe kivuli tu, hewa ipite. Asiguse kitu ndani, mle mna volti 300 na zaidi. Kama joto litabaki chini ya 70 na hezi zikakaa 50 saa saba, ugonjwa umethibitika.

Dawa ya kudumu ni kuiweka chini ya paneli zenyewe. Kivuli cha siku nzima kiko pale bure. Huku kwetu jua linapita juu ya kichwa, nusu mwaka linaegemea kaskazini na nusu kusini, kwa hiyo hakuna ukuta wa nyumba ulio salama mwaka mzima. Funga kwenye nguzo ya fremu, wima, mapezi yakisimama juu-chini, na uache sentimita 20 juu na 20 chini bila kizuizi. Kama inveta ni ya IP65, yaani imezibwa vumbi na maji, haihitaji sanduku kabisa. Kama ni IP20, yaani ya ndani, sanduku linabaki, lakini litobolewe chini kwa hewa kuingia na juu ubavuni kwa hewa ya moto kutoka. Usitoboe paa lake, mvua ya Aprili itakutafuta. Kwenye kila tundu weka wavu wenye macho ya milimita 2. Mijusi na wadudu hupenda joto la inveta, na mjusi akikatiza kati ya vituo viwili vya volti 340 wanakufa pamoja, yeye na inveta.

Waya za DC zikirefuka kwa mita 12 au 15, tumia za sola za milimita 6 za mraba. Volti inayopotea haifiki moja. Na swichi ya kukatia iwe ya DC kwelikweli, iandikwe hivyo pamoja na volti zake. Swichi ya kawaida ya nyumbani ikifunguliwa kwenye DC hutoa cheche isiyozimika. Umeme wa AC, ule wa nyumbani, hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche hufa yenyewe, wa DC haupiti sifuri hata mara moja. Hilo ndilo chanzo cha visanduku vingi unavyoona vimeyeyuka.

Fundi akianza kazi: azime, afungue swichi ya DC, asubiri dakika 10 ndipo afungue kifuniko. Kapasita zinabaki na umeme hata baada ya kioo kuzimika.

Mtaalamu_wa_Maji_Ardhini

Mimi naangalia upande wa kisima, maana hapa kila mtu anatazama juu.

Lita 4,000 kila saa kwa saa 24 mfululizo, mshuko wa mita 26: kisima kizuri kwa eneo lile. Desturi ni kuchukua asilimia 60 hadi 70 ya kilichojaribiwa, kwa hiyo lita 2,500 ziko ndani ya kipimo. Inveta ikitengenezwa, maji hayatashuka chini ya mita 96 hivi kwa siku ya kawaida. Kina cha mita 130 kinatosha.

Kinachonitia wasiwasi ni kesi ya inchi 6 na pampu ya inchi 4. Ndani ya kesi kuna milimita 152, mota ina 96. Nafasi inayobaki ni kubwa, na lita 2,500 kwa saa zikipita hapo zinatembea sentimita 6.4 tu kwa sekunde. Mota za inchi 4 kwa kawaida zinataka angalau 8. Na hiyo ni kama maji yanatoka chini ya mota. Angalia kwenye karatasi ya kisima vichujio, zile paipu zenye nyufa, vimewekwa mita ngapi. Kama viko juu ya mita 130, maji yanashuka moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu na hayaipiti mota hata kidogo. Hapo ni joto tupu, uwe na jua au umeme wa stima.

Tiba ni koti: kipande cha paipu ya PVC ya milimita 125, kirefu kuliko mota kwa sentimita 20 hivi, kinafungwa kikaze juu ya mdomo wa pampu na kuachwa wazi chini. Maji hulazimika kushuka nje ya koti, yaingie chini, yapande yakiipita mota. Mwendo unafika sentimita 19 kwa sekunde. Kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na mota, ila lazima pampu itolewe, kwa hiyo usiitoe kwa ajili ya hilo peke yake. Subiri siku itakayotolewa kwa sababu nyingine, lakini siku hiyo isirudi chini bila koti.

Siku hiyo hiyo hakikisha waya wa sensa ya maji upo, mita 2 juu ya pampu. Kama haupo, tumia ulinzi wa ampea ndogo kwenye inveta: mota yako inakunywa 8.4 ikiwa na maji, weka ikate ikiwa chini ya 5.5 huku hezi ziko 50, isubiri dakika 30.

La mwisho, ambalo hukuuliza. Maji ya visima virefu vya Kajiado na Nairobi mara nyingi yana floraidi nyingi. Kiwango cha kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Kama watoto wanayanywa, peleka chupa maabara. Kuyachemsha hakusaidii, floraidi haiondoki na mvuke, maji yanapungua nayo inabaki palepale.

MamaSukuma

Kwa vile paneli nane zinabaki, zioshwe. Kiangazi cha Januari na Februari, na kile cha Julai hadi Oktoba, vumbi la murram linakaa kama unga. Kila wiki mbili au tatu, alfajiri kabla kioo hakijapata moto. Maji baridi kwenye kioo cha nyuzi 65 yanaweza kukipasua. Sabuni ya unga hapana. Na ukitumia maji ya kisima chenye chumvi usiyaache yakauke juu ya kioo, futa kwa kitambaa laini au raba ya madirisha, la sivyo yanaacha utando mweupe ambao ni mgumu kuliko vumbi lenyewe. Maji ya mvua ndiyo bora kama kuna pipa.

Angalia pia mwinamo. Huku karibu na ikweta watu wengine wanazilaza kabisa kwa kuwa jua liko juu. Hasara yake ni vumbi: mvua ikinyesha tope linabaki ukingoni mwa chini na linafunika mstari wa seli. Angalau nyuzi 10, 15 ni nzuri, zitazame kaskazini.

Na dada, hesabu maji yako. Pampu ikifanya kazi inavyotakiwa unapata lita 15,000 kwa siku ya jua zuri. Nyanya au sukuma za matone, ekari moja kwenye joto la Kajiado, hunywa karibu yote hayo au zaidi zikiwa zimekomaa. Ekari moja basi, usilime mbili ukitegemea pampu hiyo. Ng'ombe mmoja weka lita 40 hadi 50.

Pampu_Na_Paipu

Umesema kweli Mama, ila ziwepo siku mbili au tatu za akiba kwenye matangi, si kwenye betri. Mawingu ya Julai yanaweza kukaa wiki.

Kamene_SouthB

Ripoti. Mlango wazi, bati mbele, na mpangilio wa kHz umeshushwa hadi 4. Saa saba na nusu leo: volti 318, hezi 50, ampea 8.3, joto 66. Maji yametoka mfululizo tangu saa mbili na nusu asubuhi. Nimehesabu kwa ndoo ya lita 20: inajaa kwa sekunde 29.

Shida mpya sasa ni kwamba saa tisa tangi lilifurika na mlinzi akakimbia kuzima kwa mkono. Tangi liko mita 180 kutoka kwa inveta. Fundi anasema nifunge valvu ya boya kwenye tangi, ile kama ya choo lakini kubwa, tangi likijaa inafunga yenyewe. Au kuna njia nyingine?

Pampu_Na_Paipu

Sekunde 29 ni lita 2,480 kwa saa. Pampu yako ni nzima, hongera.

Valvu ya boya peke yake hapana. Ikifunga, pampu haijui. Inaendelea kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa kwa nguvu yake yote ya mita 165. Toa 78 za kufika juu, mdomoni mwa kisima zinabaki mita 87, karibu baa 8.5 za shinikizo, kwenye paipu inayolala juani. Paipu ya plastiki ya HDPE ya PN10, yaani ya baa 10, imepimwa kwa maji ya nyuzi 20. Juani kwa nyuzi 40 uwezo wake hupungua kwa robo hivi. Itavimba kisha ipasuke kwenye kiungio, na mota nayo inarudi kwenye ugonjwa ule ule wa maji yasiyotembea.

Funga swichi ya boya ya umeme, ile ya mpira inayoning'inia kwa waya ndani ya tangi, na uirudishe kwenye vituo vya tangi vya inveta. Kwa mita 180 waya wa nyuzi mbili wa milimita 1.5 za mraba unatosha, kwa kuwa hapo panapita ishara tu, si nguvu. Upitishe ndani ya paipu ya kuzikia, nusu mita chini ya ardhi, mtaro wake uwe mbali kidogo na waya wa mota. Weka kizuia radi kidogo upande wa inveta, maana waya mrefu namna hiyo hukusanya mshtuko hata radi ikipiga shamba la jirani.

Muhimu ni hili: unganisha swichi ili tangi likijaa mzunguko *ufunguke*, si ufunge. Panya akikata waya au jembe likiupitia, pampu inasimama na mtu anakuja kuangalia. Ukiunganisha kinyume, waya ukikatika hakuna atakayejua mpaka tangi lifurike tena.

Kamene_SouthB

Ya kufunguka basi. Urefu wa waya wa boya ndani ya tangi uwe kiasi gani? Tangi ni la lita 10,000.

Pampu_Na_Paipu

Ule uzito mdogo unaoteleza kwenye waya, ufunge nusu mita juu ya boya. Boya litageuka likipanda kiasi hicho juu ya uzito na likishuka kiasi hicho chini yake, kwa hiyo pampu itazima na kuwaka kwa tofauti ya mita moja ya maji. Tangi lako lina kipenyo cha mita 2 na ushei, mita moja ni lita 3,500 hivi, zaidi ya saa nzima ya kusukuma. Ukiuweka sentimita 10 pampu itawaka na kuzima kila robo saa. Ning'iniza uzito sentimita 60 chini ya paipu ya kufurikia, boya lizime kabla maji hayajafika hapo.